Kiti cha Baba Mdogo

Viti vilikuwa 20, wazee walikuwa 28. Hesabu hiyo siisahau kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kuvikodi Majengo, na salio la chama chetu cha askari wastaafu likaishia palepale. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, Dodoma ile ya asubuhi yenye upepo wa kukata masikio na mchana wa vumbi la kukutoa machozi. Wazee wakaingia mmojammoja, makoti yamefungwa hadi kooni, wawili watatu wamebandika medali kifuani kana kwamba leo ndiyo sherehe yenyewe. Saluti za nusu mkono. "Shikamoo afande." "Marahaba. Kumbe hujafa?"

Hakuna aliyewaonyesha pa kukaa. Mstari wa mbele ulijaa waliostaafu wakiwa maofisa. Nyuma yao masajenti. Nyuma ya masajenti makoplo na askari wasio na cheo, na waliokosa viti wakaegemea ukuta. Kuna aliyevua magwanda mwaka 1994, lakini makalio yake bado yanajua cheo chake.

Baba mdogo aliingia mwisho. Alitoka Chamwino kwa bodaboda, na nyuma ya bodaboda kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia kulikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu. Nilipomwuliza vipi tena, akaniambia, "Mwanangu, hawa nawajua. Nimekuja na cha kwangu." Akakiweka karibu na mlango, pembeni ya mama mmoja wa Nkuhungu aliyekuwa amekaa kwenye jamvi na bahasha ya kaki mapajani.

Hao wawili ndio wameniandikisha makala hii. Kwa mujibu wa katiba yetu, wote wawili hawakuwa wajumbe. Walikuwa waalikwa.

Niseme kwanza mimi nafanya nini katikati ya wazee wa jeshi. Sijawahi kushika bunduki. Baba yangu alistaafu akiwa sajenti, akawa katibu wa chama hiki kidogo cha askari wastaafu wa hapa kwetu, macho yakamwishia, nikawa namwandikia mihtasari. Alipofariki nilipeleka daftari nikidhani naaga. Mwenyekiti akalipokea, akalifungua, akanirudishia: "Ukurasa unaofuata haujaandikwa." Basi ndiyo hivyo, mwaka wa ngapi sasa.

Ajenda ya siku hiyo niliichapa mwenyewe: mabadiliko ya katiba, kazi za bodi na wajumbe wake. Bodi yetu ina watu 7. Katiba, iliyochapwa kwa taipureta na kudurufiwa mpaka herufi "e" imekuwa doa, inasema wajumbe wawe wanajeshi wastaafu "kuanzia cheo cha Kapteni", na kwamba kazi ya bodi ni "kusimamia heshima na maslahi ya wanachama". Maneno mazuri. Wiki moja kabla ya kikao nilikaa na madaftari ya miaka 6 iliyopita, nikitafuta bodi imefanya nini hasa. Bodi ilipokea taarifa. Bodi ilisisitiza umoja. Bodi ilitoa pole. Bodi ilichagua nani apewe kadi za mwaliko wa Siku ya Mashujaa.

Hapo kwenye kadi daftari linachangamka. Kuna kikao kimoja kilichukua saa tatu kwa kadi tu. Msiwacheke. Tarehe 25 Julai, sherehe ikiwa hapa Dodoma, ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo nchi nzima inasimama kimya kwa ajili yao. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, tarumbeta ya maombolezo inalia, na mzee aliyezoea kupanga foleni ya dawa anapewa kiti chenye jina lake. Mimi mwenyewe nilikuwa pale Julai 2016, nimemshika baba mkono, siku ambayo Rais Magufuli alisema anahamia Dodoma. Watu walipiga makofi, baba akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia serikali inakuja huku. Akafikiri kidogo: "Basi ofisi zitakuwa karibu." Alikuwa na faili lake linalozunguka Dar es Salaam tangu sijamaliza shule.

Ofisi zimekaribia kweli. Mtumba, kwenye mji wa serikali, unakwenda kwa daladala. Lakini faili halisogei kwa sababu tu jengo limesogea. Lazima awepo mtu mwenye haki ya kuliulizia na kujibiwa. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nilitaka ijadiliwe kabla watu hawajaanza kugombea viti. Sikuwahi. Dakika ya kumi tu tulikuwa tayari kwenye viti.

Wazee wa Dodoma wameishi na Bunge miaka mingi, wameambukizwa. "Taarifa, mwenyekiti!" "Mwongozo wa mwenyekiti!" Mmoja akataka bodi iwe na watu 9. Mwingine akataka 11 ili kila wilaya iwe na mtu wake: Kondoa, Chemba, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na jiji. Mwingine akasema bodi ya watu 11 ni timu ya mpira, nani atailipia nauli? Hakuna aliyeuliza hao 9 au 11 wakishakaa watafanya nini.

Nikaomba nafasi, nikawapa kisa cha mbali. Niliwasomea habari za jimbo la Wisconsin kule Marekani. Kila jimbo kule lina idara yake ya wastaafu wa jeshi, na Wisconsin ina bodi juu ya idara hiyo. Kabla ya 2011 wajumbe walikuwa 7, sawasawa na sisi (wazee wakafurahi), wote wamepita jeshini. Tofauti yao na sisi ni kwamba bodi ile ilikuwa na meno. Yenyewe ndiyo iliyomwajiri mkuu wa idara na yenyewe ndiyo iliyoweza kumfukuza, na mwaka 2009 ilimfukuza kweli. Mwaka 2011 bunge la jimbo likapitisha sheria mpya. Wajumbe wakawa 9, kila eneo la uchaguzi wa bunge la taifa lipate angalau mmoja, na Wisconsin ina maeneo 8. Mkuu wa idara akawa anateuliwa na gavana, ila lazima kwanza gavana azungumze mwenyewe na viongozi wa vyama vya wastaafu visivyopungua 6. Bodi ikabaki ya kushauri.

"Kwa hiyo waliongezewa viti," akasema sajenti mmoja wa mstari wa pili.

"Wakang'olewa meno," akajibu mwingine wa ukutani.

Nimelifikiria jibu lile sana. Upande wa gavana una hoja: mtu aliyechaguliwa na wananchi ndiye wa kulaumiwa huduma ikiharibika, kwa hiyo amchague mtendaji wake. Mpiga kura hawezi kuiwajibisha bodi ambayo haijui hata kwa sura. Nakubali. Lakini mkulima wa kaskazini ya jimbo aliyepewa mjumbe wa eneo lake alipewa mtu wa kumsikiliza katika mwaka uleule ambao mtu huyo alipoteza uwezo wa kumfanya lolote bwana mkubwa. Ukitaka kuvua chombo nguvu bila kelele, kipanue. Watu watahesabu viti, watapongezana, na watagundua baadaye kwamba wanakaa kwenye bodi kibogoyo.

Sisi wenyewe hatujawahi hata kuwa na meno ya kung'olewa, na mwenyekiti alinikumbusha hivyo, kwa upole: "Binti, Wisconsin wanagawana mamlaka. Sisi tunagawana chai." Sawa. Lakini chama chetu ni kidogo na mjadala wetu ni mkubwa, maana kila ninapokutana na wastaafu wa sehemu nyingine nasikia ndoto ileile: siku moja iwepo bodi yenye nguvu ya kisheria inayowasemea askari wote wastaafu. Naiunga mkono. Ninachoogopa ni kwamba itaandikwa kama katiba yetu ya taipureta, viti kwanza, kazi "heshima na maslahi".

Baada ya Wisconsin ndipo lilipokuja suala la nani ni mwanachama, na hapo kikao kikawaka.

Kifungu cha 6: "Mwanachama awe mwanajeshi mstaafu mwenye cheti cha kuachishwa jeshi kwa heshima." Kwa kifungu hicho baba mdogo si mtu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, yeye alikuwa kijana wa kijijini amepata mafunzo ya mgambo, kazi yake kulinda ghala la mtama. Novemba 2 Mwalimu akazungumza na taifa. Sababu, uwezo na nia, kila Mtanzania wa umri wangu anaweza kumalizia maneno yale bila kuwahi kuyasikia moja kwa moja. Jeshi lililokuwa na askari wapatao 40,000 likakua likapita 150,000, likavuta JKT, polisi, magereza, na mgambo karibu 40,000. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Alipanda treni hapa stesheni ya Dodoma kwenda Mwanza na shuka moja la bibi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Vita vilipokwisha, waliokuwa na ajira jeshini walirudi makambini. Yeye alirudi kwenye mtama.

Hana cheti, hana namba, hana kiinua mgongo. Ana kovu la mguuni ambalo mvua ikikaribia humwamsha, na ana redio aliyoinunua kwa fedha aliyorudi nayo. Miaka yote baba alikuwa anamwalika mikutanoni, na miaka yote daftari langu linamwandika chini kabisa: "Mwalikwa, 1."

Meja mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu na aliyembeba baba yangu siku ya mazishi, akasimama akapinga. Hoja yake haikuwa ya kijinga. "Ukifungua mlango kwa mgambo, utaufungaje? Kesho atakuja aliyebeba maji. Keshokutwa mpishi. Mtondogoo atakuja mtu na medali ya marehemu kaka yake. Mmesahau yule?"

Hatukumsahau. Aliwahi kuja mtu hapa na medali, na hadithi tamu za mahandakini, akala nauli ya chama mara mbili kabla mzee mmoja hajamwuliza kikosi chake kilikuwa chini ya nani.

Lakini lile neno "aliyebeba maji" lilinikaa vibaya, kwa sababu ya mkoa tunaoishi. Mwaka 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana Kondoa, na Julai mwaka ule Waingereza wakaichukua Dodoma. Nani alibeba mizigo? Wazee wa wazee wetu, pande zote mbili, kwa kukamatwa. Chakula na ng'ombe vikachukuliwa na majeshi, wanaume wakachukuliwa na majeshi, mvua zikagoma, na Ugogo ukaingia kwenye njaa ile ya Mtunya ambayo vikongwe wa Mvumi walikuwa bado wanaihesabia umri. Dar es Salaam, sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 ina maandishi yanayowataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi, na Kariakoo hadi leo inaitwa kwa kikosi chao. Mkoloni aliwakumbuka kwenye shaba. Mezani hakuwaita. Nisingependa na sisi tujenge bodi ya namna hiyo, inayomtaja mbeba maji kwenye hotuba na kumwacha mlangoni kwenye kikao.

Nikawapa kisa cha pili, hiki cha nyumbani zaidi ingawa kinaishia mbali. Kongwa. Wote tunaijua Kongwa kwa ng'ombe na kwa magofu ya ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ambako Waingereza walikuja na mashine zilizotokana na vifaru vya vita wakidhani udongo ule utatii amri. Mradi ukafa. Mwaka 1964 Tanzania ikawapa wapigania uhuru eneo la kambi palepale, na kwa nyakati tofauti wakakaa FRELIMO, SWAPO, ZAPU, MPLA na wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, Umkhonto we Sizwe. Wanakijiji waliwauzia kuku, wakacheza nao mpira, wakazaa nao watoto. Hao wa Umkhonto hawakuwa jeshi la serikali yoyote. Hawakuwa na cheti cha kuachishwa kwa heshima, na serikali ya kwao ikiwaita magaidi.

Afrika Kusini ilipotunga Sheria Na. 18 ya mwaka 2011 ya maveterani wa kijeshi, ilianza na swali la nani, na ikajibu kwa mapana: aliyetumikia jeshi la serikali na aliyetumikia jeshi la ukombozi, wote humo. Sheria ikaunda baraza la kumshauri waziri na bodi ya rufaa kwa anayenyimwa haki zake. Kwa hiyo kijana wa Soweto aliyelala Kongwa mwaka 1965 anatambuliwa na sheria ya kwao. Baba mdogo, ambaye Kongwa ni mwendo wa basi kutoka kwake na ambaye alipigana chini ya bendera ya nchi yake, haingii hata kwenye kifungu cha 6 cha chama cha watu 28.

Ukumbini kukawa kimya. Nilijiona nimeshinda, kusema kweli. Ndipo mwenyekiti akauliza swali ambalo lingefaa kuniaibisha: "Na hao maveterani wa Afrika Kusini, sasa wanafurahi?"

Hawafurahi. Oktoba 2021 kundi la maveterani lilimzuia Waziri wa Ulinzi, Thandi Modise, na wenzake ndani ya hoteli karibu na Pretoria, hadi polisi wakaingia kuwatoa. Tafsiri nzuri ya nani ni askari wanayo, baraza wanalo, bodi ya rufaa wanayo kwenye karatasi. Malalamiko yao yalikuwa kwamba ahadi hazifiki. Nikalazimika kukiri mbele ya wote kwamba kisa changu kinakata pande mbili. Mlango mpana unaoingia kwenye chumba kitupu nao ni kejeli.

Labda Waganda walikuwa wakweli zaidi, nasema labda. Mwaka 1992 waliunda bodi ya kuwasaidia askari waliopunguzwa jeshini, wapatao 36,000 kwa miaka michache. Ilikuwa na kazi moja unayoweza kuishika mkononi: mtu huyu afike kwao, apewe mabati, mbegu, jembe na fedha za kuanzia. Unaweza kuilaumu kwa mengi, lakini ungejua pa kuanzia kulaumu. Mabati yamefika au hayajafika? Bodi yenye kazi ya "heshima na maslahi" utailaumu kwa lipi?

Wakati wote huo mama wa Nkuhungu alikuwa kimya kwenye jamvi. Mwenyekiti akamkumbuka karibu na adhuhuri. "Mama, una neno?"

Hakuwa na neno. Alikuwa na bahasha. Akaifungua akanipa nisome, maana ndiyo aliyoijia. Muhtasari wa kikao cha ukoo. Fomu ya mahakama ya mwanzo ya usimamizi wa mirathi, ina muhuri. Cheti cha kifo. Cheti cha ndoa, nakala ya nakala. Barua kutoka ofisi moja ikimwambia aende ofisi nyingine. Barua ya ofisi nyingine ikimrudisha ya kwanza, kwa sababu jina la marehemu kwenye cheti cha kifo lina "h" na kwenye rekodi za jeshi halina. Barua ya mwisho ilikuwa na miaka miwili. Amekuwa akiuza karanga za kukaanga huku "h" ikisubiri mtu.

Nilisoma barua zote kwa sauti. Nilipofika kwenye "h" yule Meja aliyepinga akavua miwani.

Mama huyu si mwanachama. Kifungu cha 6 kinamtaka mwanajeshi, na mwanajeshi amekufa. Ukifikiri vizuri, karibu kila faili gumu tulilo nalo ni la mtu ambaye kifungu cha 6 hakimtambui: wajane, yatima, mgambo. Waliomo kwenye bodi ni wale ambao mambo yao yalishanyooka, na siwalaumu kwa kunyooka. Kapteni ana namba za simu za watu. Koplo ana namba ya jeshi tu. Mjane ana bahasha. Sasa ukiwaweka kwenye bodi makapteni 7 watupu, wala hawana ubaya moyoni, watajadili kile wanachokiona kutoka mstari wa mbele, na kutoka mstari wa mbele kinachoonekana ni jukwaa na kadi za mwaliko.

Nikapendekeza mambo mawili kwa pamoja na nikaomba yasitenganishwe. Kwanza kazi: bodi iwe na wajibu wa kuchukua faili la mtu, kuliandikia ofisi husika kwa jina, kudai jibu la maandishi ndani ya siku 30, na kusoma kwenye mkutano mkuu orodha ya majibu yaliyokuja na yasiyokuja. Sisi ni chama tu, hatuwezi kuilazimisha ofisi ya serikali. Ila orodha inayosomwa hadharani kila mwaka ina aibu yake, na siku ikija bodi ya kisheria, wajibu wa ofisi kujibu ndiyo uwe kifungu cha kwanza, kabla ya posho. Halafu viti: neno "kuanzia cheo cha Kapteni" lifutwe. Kiti kimoja cha mjane. Kimoja cha mgambo. Kimoja cha hawa vijana.

Vijana, ndiyo, maana nimeona wazee wanasahau kwamba vita havikuishia Kampala. Kuna waliokwenda Anjouan, Komoro, Machi 2008. Kuna waliokuwa Darfur, Sudan, wakilinda amani, Julai 2013 wenzao 7 walipouawa kwenye shambulio. Kuna waliokuwa Kongo, kambi ya Semuliki ilipovamiwa Desemba 7, 2017. Wengine wameanza kustaafu, wana miaka ambayo mtu bado anasomesha watoto wa msingi. Mmoja anaendesha bajaji hapa mjini na kila bunda la fataki linapolipuka mwaka mpya anaegesha pembeni, anazima injini, anasubiri. Wazee wanamwita "kijana wa Umoja wa Mataifa", kwa utani wenye ncha. Hajawahi kuja kikaoni. Nisingekuja pia.

Mjadala ulirudi kwa Meja. Akasema ya mjane amekubali, hana la kubisha. Ya mgambo bado. "Tutamjuaje wa kweli?"

"Si mnaulizana?" akasema baba mdogo kutoka mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Niulize."

Meja akageuza kiti chake cha plastiki. Watu wote wakageuka naye.

"Pale Kyaka, mto mliuvuka kwa kutumia nini?"

"Daraja walishalilipua, afande. Tulivuka kwenye lile la kuunganisha, usiku, taa zimezimwa. Mbele yangu kuna mtu kabeba sukari ya kombania nzima. Akateleza."

"Ikawaje?"

"Sukari ikaenda na mto. Yeye tulimdaka. Tulikunywa chai ya chumvi siku nne, na kila asubuhi sajenti anamwamsha yeye wa kwanza aionje."

Kicheko kilianzia ukutani kikaja hadi mbele. Meja hakucheka. Alimwuliza maswali mengine matatu, sauti inashuka kila swali, ya mwisho hata sikuisikia, na jibu lake pia sikulisikia, nikaacha nafasi kwenye muhtasari. Ila niliona Meja akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jina la mtaa aliokulia.

Tukakubaliana kwamba mgambo atathibitishwa kwa kuhojiwa na watu watatu waliokuwa vitani, pamoja na barua ya kijiji chake. Si utaratibu kamili. Kuna mtu mkweli atakayesahau, kuna mwongo mwenye kumbukumbu nzuri, na hao watatu wa kuhoji nao wanapungua kila mwaka. Jenerali Musuguri, aliyeanza na KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, na kuongoza Divisheni ya 20 kwenye vita vile, alifariki Oktoba 2024 akiwa amepita miaka 100. Wadogo zake wa kivita ndio hawa wanaosubiri foleni ya dawa. Tukichelewa miaka kumi kuandika kifungu, hatutakuwa na wa kumhoji wala wa kuhojiwa.

Kifungu cha kazi kilipita kwa shida zaidi kuliko nilivyotarajia. Siku 30 zikawa 60. Kusoma orodha hadharani kukaongezewa "kwa busara ya mwenyekiti", maneno ambayo nilijaribu kuyazuia nikashindwa. Bodi itakuwa na watu 9. Cheo kimefutwa. Katiba mpya lazima ipelekwe kwa msajili, na huko nako kuna foleni yake.

Barua ya "h" niliiandika jioni ileile, kwa niaba ya bodi ambayo bado haijakaa. Meja aliisaini kabla sijaimaliza, chini kabisa ya karatasi, ikabidi nibane maneno yaenee juu ya saini.

Watu walipoondoka nikabaki na baba mdogo kujaza fomu ya uanachama, ile ya zamani, kwa kuwa mpya haijachapwa. Jina. Kijiji. Mwaka wa kuzaliwa, ambao alinitajia mara mbili tofauti. Kisha kuna mstari wa "Namba ya jeshi". Nikauliza niweke nini, niweke kistari?

Alikuwa anarudisha kigoda kwenye gunia.

"Usiweke kistari," akasema. "Acha wazi. Wakiipata wataijaza."